Kumgeuza Timazi

Mwashi yule, aliyeitwa Timazi kwa sababu kuta zake hazikupata kupinda, alikuwa katika mwezi wa tatu kitandani tangu aanguke kutoka jukwaa la ujenzi, na kila baada ya muda wa saa mbili mkewe alimgeuza. Alfajiri alimlaza ubavu wa kulia, jua likipanda alimlaza ubavu wa kushoto, kisha kulia tena, na ndivyo ilivyokuwa mchana kutwa na usiku kucha, bila Jumapili wala sikukuu. Toka kiunoni kwenda chini mwili wake haukusikia kitu. Mwili usiosikia hauwezi kujitetea, na mwili usiojitetea huoza pale unapolalia. Alikwisha pata kidonda kimoja penye mwisho wa uti wa mgongo, chenye upana wa vidole viwili. Muuguzi wa zahanati, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuwa amesema neno moja tu juu ya kidonda kile: kikifika mfupani, hakuna ahadi.

Mke alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa ameisogeza cherehani yake hata ikagusa kitanda, ili mguu ukanyage na jicho limtazame mgonjwa. Karibu na mto palikaa saa ya mezani yenye kengele, naye aliitegea upya kila mara alipomaliza kumgeuza. Alilala vipande vipande, kama kitambaa kilichokatwa na mlevi. Chumba chao cha pili kilikuwa na godoro zuri, ambalo tangu siku ya ajali halikulaliwa na mtu.

Alikuwa Mkristo aliyebatizwa utotoni, mwenye kuimba nyimbo zote bila kufungua kitabu, wala hakuwa mnafiki. Walakini imani yake ilikuwa imegeuka pasipo yeye kujua, ikawa imani juu ya mikono yake mwenyewe. Alisadiki kabisa kwamba siku atakayosinzia yeye, Mungu naye atasinzia.

Jumapili moja baada ya ibada, wifi yake alifika pamoja na wanawake wawili wa kanisani. Wifi huyu, dada mkubwa wa Timazi, alikuwa muuza mkaa sokoni, mwenye sauti ya kuita wateja hata penye watu watatu.

"Hodi humu! Au mmehama?"

"Karibu, wifi. Kaeni, visukumeni tu hivyo vitambaa."

"Kaka, waonaje?"

"Nipo," Timazi alijibu. "Sijapanda, sijashuka. Nimekuwa tofali."

Wakacheka, wakaimba wimbo mmoja, wakaomba. Katikati ya maombi mke alifumbua jicho, akamwona mmoja wa wageni amejifunika pua kwa upindo wa mtandio wake. Mara kengele ikalia. Saa nane.

"Naomba mtoke nje kidogo," mke alisema.

"Mimi nitoke?" Wifi alishangaa. "Huyu tumenyonya titi moja."

"Ni yeye mwenyewe hataki mtu."

Timazi alikuwa amekwisha uelekeza uso wake ukutani. Wakatoka. Wakiwa nje waliusikia mwili ukiburutwa juu ya shuka, na mke akiguna kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Alipowafungulia mlango, jasho lilikuwa limemlowesha hata kola.

"Wifi yangu," alisema dada yake Timazi, safari hii kwa sauti ya chini, "umejitazama kwenye kioo? Macho kama mtu aliyemenya vitunguu gunia zima. Tupe zamu. Wanawake tuko saba."

"Asanteni. Zamu zangu zinanitosha."

"Sikiliza basi. Mungu yuko macho usiku kucha, kazi yake hiyo. Na wewe uko macho usiku kucha. Mnakesha wawili kwa kazi moja? Mmoja wenu alale!"

Wenziwe wakacheka. Mke hakucheka. "Huyo Mungu hajamgeuza huyu hata mara moja," alisema. "Mikono ni hii. Nendeni mkapumzike, ibada imekwisha."

Neno lile liliwashtua wote, hata yeye aliyelisema. Wakaaga, wakatoka wakitazama chini.

Penye mfereji, hatua chache kutoka mlangoni, alikuwa amesimama mtu mzima wa miaka arobaini, mpana wa kifua, kofia mkononi. Huyu ni Zege. Alikuwa msaidizi wa mafundi ujenzi: alikoroga saruji, alibeba karai, na alifunga majukwaa ambayo mafundi walipanda juu yake. Jukwaa aliloanguka nalo Timazi lilifungwa na Zege. Fundo moja lilifunguka, basi. Kila Jumapili alikuja kusimama pale, na kila Jumapili mke alimwambia maneno yale yale.

"Umekuja kukagua kazi yako?"

Akafunga mlango.

Jumatatu mwenye duka la sare za shule alimwita mke wa Timazi. Alitandaza blauzi sita mezani mbele ya wauzaji wake.

"Mama, hebu nieleze. Hawa watoto ninaowavisha wana mikono miwili ya kushoto?"

Alitazama. Ilikuwa kweli. Blauzi sita, mikono kumi na miwili, yote ya kushoto. Wauzaji walificha vicheko nyuma ya majora.

"Nitazirudia."

"Utazirudia, na zile nyingine nimempa mtu mwingine. Usinielewe vibaya, mama. Nakuonea huruma. Lakini wazazi hawanunui huruma."

Alizibeba hadi nyumbani zimefungwa katika kanga moja, akiwa amezikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Hakumwambia mumewe. Lakini mgonjwa wa muda mrefu huwa hana kazi nyingine ila kutazama, naye aliona mkewe akifumua mishono ambayo juzi tu alikuwa ameishona.

Jumatano asubuhi, saa mbili, mke alimlaza chali ili anywe chai. Kumlaza chali ilikuwa ni kumlaza juu ya kidonda, kwa hiyo aliruhusu nusu saa tu, akaitegea saa kengele. Alimshika kichwa, akamnywesha, akampangusa kidevu. Kisha akakaa penye cherehani ashone mkono mmoja kabla nusu saa haijaisha. Alitia uzi sindanoni. Kichwa kikainama. Shavu likatua juu ya kitambaa.

Timazi alimtazama. Kengele ilipokaribia kulia, aliunyosha mkono wake, ambao ulikuwa bado mkono wa mwashi, akakifinya kitufe.

Mke alizinduliwa na jua lililokuwa limehamia dirisha la pili.

"Saa ngapi?"

"Tisa kasoro."

"Tisa gani?"

"Tisa, mama. Tisa ya mchana."

Aliruka, akamsukuma ubavuni, akaifunua shuka. Harufu ndiyo iliyomwambia kwanza. Kisha akaona. Kidonda cha vidole viwili kilikuwa sasa sawa na kiganja, na katikati kilikuwa cheusi.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unakoroma."

"Ndiyo nauliza, kwa nini hukuniita?"

"Sijakusikia ukikoroma tangu nianguke. Nikasema nikuache kidogo."

"Kidogo! Saa saba ni kidogo?"

"Nilitaka ulale."

"Mwongo. Ulitaka kufa."

Mtaani mtu alipita akiuza ndoo, akazigonga. Timazi alingoja mpaka sauti ya ndoo ikaenda mbali.

"Vyote viwili," alisema. "Ukiniuliza mbele ya Mungu, vyote viwili. Nimeziona zile blauzi. Nikiondoka mimi, wewe utalala."

"Nitalala wapi? Juu ya kaburi lako?" Alipiga godoro kwa ngumi, kando ya mguu wake usiosikia, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. "Nimekugeuza mara ngapi, baba? Nimekugeuza mara ngapi? Na wewe unakuja kunifanyia hivi kwa kidole kimoja!"

Mwashi yule, aliyepata kubebwa kutoka penye ajali bila kutoa chozi, alilia. Mkewe hakumfuta. Alifunga mtandio kichwani, akakimbia zahanati.

Sista alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa maneno. Aliweka chini mkoba wake, akavaa glovu, akakikata kile cheusi, akaosha, akafunga kwa shashi. Alipima joto. Kisha akamtazama mke.

"Ulikwenda wapi?"

"Nililala."

"Ulilala." Akaandika katika daftari.

"Kosa langu, Sista," Timazi alisema. "Saa niliizima mimi."

Sista aliacha kuandika. Alimtazama mmoja, akamtazama na wa pili, kama mwalimu aliyekuta watoto wawili wote wakikiri kuvunja kioo. "Basi sikilizeni wote wawili. Joto ni thelathini na tisa. Nitamchoma sindano leo, kesho na keshokutwa. Likishuka, tutaendelea hapa hapa. Lisiposhuka, Jumamosi gari litamchukua. Na huko wodini wagonjwa ni arobaini na wauguzi wawili. Siwadanganyi."

"Hatalala chali tena hata dakika moja," mke alisema upesi. "Nitamgeuza kila saa. Sitakaa hata chini."

"Ndilo jambo ninalotaka kukueleza, mama." Sista alimgeuza mgonjwa kidogo, akamwonyesha pembeni mwa kidonda na nyongani. "Unaona michubuko hii mirefu? Hii haitokani na kulala. Hii ni ya kuburutwa. Huna nguvu ya kumwinua, kwa hiyo kila unapomgeuza unamburuta, na shuka inamla ngozi. Ilianza kabla ya leo."

"Mimi?"

"Ni kazi ya watu wawili. Wanashika shuka huku na huku, wanainua, ndipo wanageuza. Na mmoja awe mwanamume mwenye kifua. Hata mimi peke yangu nisingeweza."

Alifunga mkoba, akasema atarudi kesho, akaondoka.

Mke alibaki amesimama, mikono imening'inia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini yeye alikuwa ameubeba wake kwa miezi mitatu, akijivuna kwa siri kwamba hakuna mwingine awezaye, na kumbe kwa mikono ile ile alikuwa akimchuna mumewe ngozi. Alikwenda chumba cha pili, akapiga magoti kando ya godoro. Alitafuta maneno ya sala. Alizijua sala nyingi, zilizopangwa vizuri, na hakuna hata moja iliyokuja. "Siwezi," alisema. Akangoja. "Siwezi tena. Siwezi." Hakusikia sauti yoyote wala hakuona nuru. Alisikia tu mtu akikohoa ng'ambo ya ukuta, naye alikuwa bado hai, na alipaswa kugeuzwa.

Aliinuka, akarudi.

"Nakwenda kumwita Zege."

Timazi alidhani amesikia vibaya kwa sababu ya homa. "Nani?"

"Zege. Na dada yako."

"Yule fundo lake ndilo lililofunguka!"

"Najua."

"Wewe ndiye uliyemfungia mlango, si mimi. Leo utamwamini?"

"Yeye? Hapana." Alikuwa akitafuta viatu chini ya cherehani. "Nilijiamini mimi miezi mitatu, na umeusikia mgongo wako unavyosema. Wewe ulijiamini leo asubuhi, ukaizima saa. Tumekwisha jaribiwa wote wawili, baba. Sasa nakuacha mkononi mwa Mungu. Na Mungu hajaleta mtu mwingine mlangoni kwangu kila Jumapili ila huyo huyo."

"Na dada yangu aone uchi wangu?"

"Atafumba jicho moja."

Timazi alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kikohozi. Mtu aliyezoea kusimama juu ya ukuta na kuwatazama wenziwe kutoka juu, si jambo jepesi kwake kufunuliwa shuka mbele yao.

"Waambie wanawe mikono," alisema mwishoni.

Penye ujenzi walikuwa wakimwaga zege la sakafu. Mke alisimama pembeni mwa mchanga, na mafundi wa juu walimwona kabla ya Zege.

"Zege! Umefuatwa!"

"Mpeni ruhusa, mke wa pili huyo!"

Zege aligeuka. Alipomtambua aliliacha sepetu lianguke, na wale wa juu wakaona uso wake, wakarudi kwenye kazi yao.

"Amekufa?"

"Hajafa. Anataka kugeuzwa, na mimi siwezi kumwinua."

Zege aliitazama mikono yake, iliyokuwa nyeupe kwa saruji hadi viwikoni. "Mama, mimi? Mikono hii?"

"Ndiyo hiyo. Nawa, twende."

Msimamizi alisogea na kusema kwamba zege haliachwi likiwa bichi, na kwamba atakayeondoka sasa asirudi kesho. Hakusema kwa ukatili. Alikuwa akisema sheria ya kazi. Zege alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mkuu," akaenda penye pipa la maji. Njia nzima alitembea nyuma ya mwanamke yule, hatua tatu nyuma, kama mtu anayepelekwa kituoni.

Wifi alikuwa amekwisha fika, kwa kuwa jirani alikuwa ametumwa sokoni. Alikuwa na mkaa hadi kwenye nyusi, akisugua mikono kwa sabuni kwenye beseni huku akiuliza maswali kumi kwa pamoja. Alipomwona Zege maswali yakakatika.

Zege alisimama penye kizingiti. Yeye na Timazi hawakuwa wameonana tangu siku ile.

"Fundi."

"Umekonda," Timazi alisema.

"Fundi, nilifunga mafundo mawili. Nakuapia. Mimi mwenyewe sijui lile moja lilivyo..."

"Usiape. Shika."

Zege alikwenda upande mmoja, Wifi upande wa pili. Mke aliwaonyesha jinsi Sista alivyosema. Zege aliinama, akamshika Timazi mabega.

"Shuka!" Timazi aliamuru, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa miezi mitatu. "Shika shuka, usinishike mimi. Lenta ya mlango unaiinua kwa masikio yake?"

"Siyo, fundi."

"Dada, usivute. Ngoja mwenzio. Haya, kwa hesabu yangu. Moja. Mbili. Inua."

Mwili ukainuka. Mke, aliyekuwa amesimama miguuni, aliona jambo ambalo hakuwa ameliona hata mara moja katika kazi yake yote: nyonga za mumewe zilitengana na kitanda, pakawa na hewa chini yake, zikatua upande wa pili bila mkwaruzo wowote. Muda wake wote usingetosha kunywa funda la maji. Alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Uzito huo tu?" Wifi alisema akihema. "Gunia langu moja la mkaa linakushinda, kaka."

"Kwa sababu wewe unalijaza mawe."

Hata Zege alitabasamu, akiwa bado ameshikilia shuka kwa nguvu, asijue kama ameruhusiwa kuiachia.

"Sasa wewe nenda," Wifi alimwambia mke.

"Ngoja nione zamu moja nyingine."

"Hutaona. Mimi nina hii na inayofuata, pamoja na huyu. Usiku wanakuja wale wawili wa Jumapili na mume wa mmoja wao. Ndiyo, na yule wa mtandio puani; hata mimi nilimwona, nikamsema mpaka akalia. Nenda, wifi yangu. Nakuomba."

Alimtazama mumewe. Uso wake ulikuwa ukiwaka homa, midomo imekauka, na macho yalikuwa yamezama. Huenda kesho asingekuwa na nguvu za kufanya mzaha. Huenda Jumamosi gari lingekuja. Hapana kilichobadilika katika kidonda tangu Sista alipoondoka, na mtu mwenye akili hawezi kusema vingine.

"Nenda," Timazi alimwambia. "Leo hakuna saa ya kuzima."

Akaenda. Alijilaza juu ya godoro la chumba cha pili na viatu miguuni, macho yametazama bati. Ukuta kati ya vyumba ulikuwa mwembamba. Alimsikia Wifi akimlaumu Zege kwa kukanyaga kitambaa. Alimsikia Zege akiomba radhi. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo, na Wifi akapiga kelele, "Taratibu, wewe!"

Mke alikuwa amekwisha inuka, amekaa. Mguu mmoja ulikuwa tayari sakafuni, na mkono umeshika kitasa cha mlango, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo kiasi hicho. Hakujua ni nini kilichoanguka. Yaweza kuwa kikombe, yaweza kuwa mumewe. Ilikuwa ni kufungua tu, na kuona, na kuanza tena kushika kila kitu yeye.

"Bwana," alisema, akiwa amekishika kile kitasa, "mtu wako huyo. Alikuwa wako kabla hajawa wangu. Akifa nimelala, atakuwa amefia kwako. Mimi nimefika mwisho."

Alisikiliza. Upande wa pili watu walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini, na hakuweza kuyapambanua maneno. Aliachia kitasa. Ilimchukua muda kuufungua mkono, kidole kimoja baada ya kingine. Alivua viatu, akaviweka sawasawa chini ya dirisha, akalala kwa ubavu, akajifunika hadi mabegani.

Saa mbili usiku wakamgeuza Timazi tena. Mkewe, usingizini, hakusikia.